Alianza na la Kwake: Mzee Alexander Obiero Ogweno wa Mwalo wa Kasunda, 1953–2025

Ndugu waombolezaji, wachungaji, majirani wa Kasunda, na ninyi mliosafiri kutoka Rorya na Bujora, poleni sana. Kina mama sogeeni kivulini, wazee vuteni viti. Habari hii haisomwi kwa haraka, na haitampendeza kila aliyekaa hapa. Mwanawe Mayala mwenyewe amesema isomwe hivi hivi, bila kupunguzwa.

Mzee Alexander Obiero Ogweno alituacha Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025, mchana. Jumapili asubuhi sisi kamati ya mazishi tulimwita mtoto wake wa kwanza, Mayala, tukamwomba aandike maisha ya baba yake yapate kuchapwa kwenye ratiba mliyoishika mikononi. Kumruka kusingewezekana. Siku mji huu ulipofunguliwa, kwa desturi ya Wajaluo, mama alibeba moto, baba akabeba jogoo, na Mayala akabeba shoka. Aliyebeba shoka ndiye anayepaswa kusimama mbele za watu siku mwenye mji anapoondoka.

Mayala aliingia ndani, akatoka muda si mrefu na karatasi. Ilikuwa na maneno haya tu: Alizaliwa. Alivua. Alichoma nyavu.

Shangazi yake, Odeta, dada wa marehemu, aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Mwanangu, huu ni wasifu wa kiberiti. Kaulize baba yako alikuwa nani."

"Namjua alikuwa nani, shangazi."

"Wewe unaijua siku yake moja. Sisi tunazika mtu wa miaka sabini na miwili."

Mayala aligeukia ziwani. Alikuwa anatazama chini, mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Toka kwenye turubai hili, kama mnavyoona, mwalo wote uko wazi. Na asubuhi ile mitumbwi ilikuwa inashusha dagaa.

Mgeni asiyejua ziwa hataona ubaya wowote hapo, basi tumweleze. Kwenye mialo yetu, mvuvi akifa, mwalo unasimama. Mitumbwi inavutwa mchangani, taa zinazimwa, nyavu zinatundikwa, na hakuna anayegusa maji kwa kazi mpaka aliyekufa azikwe. Haulizwi alikuwa mwema au mbaya. Mwizi wa mashine za boti alisimamishiwa mwalo hapa hapa Kasunda, na mlevi aliyezama na chupa yake mfukoni alisimamishiwa. Mzee Obiero hakusimamishiwa. Jumamosi ile ile aliyokufa, mitumbwi ilitoka. Jumapili dagaa zilianikwa mbele ya mlango wake, na upepo ukatuletea harufu ya dagaa huku ndani tulikokaa na mjane.

Mayala alikuwa na hasira na baba yake. Hilo kila mtu alilijua kwa miaka minane. Asubuhi hiyo alijikuta ana hasira na mwalo pia, na hasira hiyo ya pili hakujua imetoka wapi.

"Shangazi," alisema bila kugeuka, "haya, niambie alizaliwa wapi."

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, kandokando ya Shirati, wilaya ambayo leo ni Rorya, mtoto wa tatu wa Mzee Ogweno Oyoo na Mama Akumu. Mzee Ogweno alikuwa na mtumbwi mmoja na ng'ombe wachache, na mdomo mkali. Odeta ndiye aliyemfuata Obiero kuzaliwa. Alibebwa mgongoni na kaka huyo hadi akawa mzito, na anasema kaka hakumshusha hata siku aliyomkojolea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Alipofika darasa la nne alikabidhiwa kengele, ile rimu ya gari inayotundikwa mtini. Odeta alicheka alipoisimulia, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Siku moja baba yao alimchelewesha kaka ziwani. Wanafunzi walikuwa wamezagaa uwanjani, walimu hawajatoka ofisini, hakuna aliyejua saa imepita. Obiero akafika anakimbia, kaptula inachuruzika maji. Angeweza kunyamaza akajichanganya na wenzake. Yeye akapiga kengele, tena kwa nguvu. Halafu akaenda mwenyewe hadi mlangoni kwa mwalimu wa zamu, akalala chini.

"Nani kakuita?" mwalimu akamuuliza.

"Waliochelewa wanachapwa, mwalimu. Mimi nimechelewa, na wengine wako njiani."

"Alikuwa anajipendekeza," Mayala alisema.

"Kwa fimbo?" Odeta akamjibu. "Mtu anajipendekeza kwa fimbo, mwanangu? Hebu nenda Mkuyuni kwa Machibya, mimi umeshanichosha."

Obiero alikuja Mwanza mwaka 1974, akaanza kazi ya kuunda mitumbwi pale Mkuyuni pamoja na Mzee Machibya, ambaye bado yu hai na bado anaranda mbao. Karakana yake haiko mbali na kibanda ambacho Mayala hutengenezea mashine za boti. Mayala amepita mbele yake kila siku bila kuuliza chochote juu ya baba yake. Jumapili hiyo mchana alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole kwa mzazi. Nilisema huyu atakuja lini, au anangoja na mimi nife."

Machibya alimweleza kwamba walifanya kazi pamoja mpaka mwaka 1988, Obiero alipojiundia mtumbwi wake mwenyewe akahamia Kasunda kuvua. Alivua sangara, akavua dagaa. Mwaka 2009 wavuvi walimchagua kuwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi wenyewe cha kulinda ziwa, na wakamrudisha tena na tena, kwa sababu alikuwa hapokei kitu kidogo. Hapo ndipo tunafika kwenye ile siku moja.

Kokoro wote tunalijua. Ni wavu wa kukokota kutoka ufukweni, unafagia chini ya ziwa na kubeba hata vitoto vya samaki ambavyo havijajua kuogelea. Mwaka 2017 mkutano wa mwalo, ninyi wenyewe, mlinyoosha mikono kwamba makokoro yaletwe yachomwe. Siku ikafika, tarehe 21 Septemba. Kuni zikapangwa. Hakuna aliyeleta. Kila mmoja alikaa anatazama mlango wa mwenzake. Mzee Obiero akapanda huku nyumbani, akafungua stoo, akashuka na kokoro la Mayala begani. Mayala alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga, na kokoro lile lilikuwa mali yake yote. Akamfuata baba yake mpaka kwenye kuni.

"Baba, hilo ni la kwangu."

"Najua. Ndiyo maana linaanza."

Likawaka. Nailoni haiungui kama nyasi. Inayeyuka, inadondoka matone ya moto, inanuka. Watu walisimama wakiangalia. Baada ya hapo wengine walileta ya kwao, kwa aibu au kwa hofu, na wengine waliyafukia mchangani na bado wanajua yalipo. Mayala aliondoka Kasunda na mke na mtoto jioni ile ile, na tangu siku hiyo baba na mtoto hawakusemeshana zaidi ya salamu.

"Alitaka sifa," Mayala alimwambia Machibya. "Alitaka watu waseme Obiero hana upendeleo. Akanitumia mimi."

Machibya aliweka randa chini.

"Sifa? Kesho yake alikuja hapa. Alikaa pale kwenye mbao, akatapika. Nilidhani kalewa, na baba yako hajawahi kuonja. Nikamuuliza, una nini? Akasema moshi wa nailoni. Nikamwambia, moshi gani huo, bwana, unaopanda gari toka Kasunda hadi Mkuyuni?"

Mayala alizitazama zile mbao.

"Lakini usijidanganye kwamba alijuta," Machibya akaendelea. "Nilimuuliza. Akasema hata kesho angelichoma. Ndivyo alivyokuwa, mbishi wa kupindukia. Nilimfukuza nikaendelea na kazi yangu."

Kwa hiyo Mayala alirudi na hasira yake nzima nzima. Hata Machibya hakumpunguzia. Sema sasa ilikuwa na mtu ndani yake anayetapika juu ya mbao.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Rebeka binti Malimi, wa Bujora, siku ya Jumamosi, tarehe 12 Julai 1986. Mama Rebeka anasema wakwe wa Kisukuma walimtania sana huyu mtu wa ziwani asiyejua jembe. Walimpa kipande cha shamba alime wamwone. Alilima mistari iliyopinda kama mkondo wa maji, mama mkwe akaja akaangalia, akasema, "Mkwe, hapa umepanda mahindi au umetega nyavu?" Akaachiwa arudi ziwani na mke wake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka ambao mvua iligoma, babu yake akampa jina la njaa, Mayala. Baba Mjaluo hakudai jina la kwao. Alisema njaa imekuja nyumbani ikiwa na macho mazuri, iacheni ikae.

Hilo nalo Mayala alikuwa hajawahi kuambiwa. Aliuliza, "Alisema hivyo?" Mama yake akamwambia, "Alisema mengi. Wewe hukuwepo."

Alianza kuugua Februari 2024. Chakula kilikuwa kinakwama kooni. Kwanza ugali, baadaye wali, mwisho uji. Alipimwa akakutwa na saratani ya koo, akatibiwa kwa vipindi mpaka alipoomba arudishwe nyumbani. Mayala alikuja wakati wa ugonjwa, hatumnyimi haki yake. Alibadilisha bati zilizotoboka, akaleta juisi, akamchujia baba yake uji kwa kitambaa safi. Walikaa pamoja wakimsikiliza mtangazaji wa mpira redioni zaidi ya walivyosikilizana wao. Siku moja tu, mwezi wa tisa, mzee alimuuliza kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki pumzi.

"Hasira bado unayo?"

"Ninayo."

"Vizuri. Usiimwage ovyo kama petroli."

Mayala akaendelea kuchuja uji.

Jumamosi ile, alipokata roho, mkewe alikuwa amemshika mkono na Odeta amemshika miguu. Mayala alifika akakuta amefunikwa. Hakulia. Alitoka nje, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akawa anapokea simu za pole moja baada ya nyingine huku anaangalia ziwa. Zikumbukeni simu hizo, ndugu zangu, maana tutazirudia.

Jumatatu asubuhi alishuka mwaloni. Mitumbwi ilikuwa inarudi tena kwa mara ya pili tangu msiba uingie, imejaa. Ni kipindi cha giza, mwezi haupo, ndipo dagaa zinafuata taa. Mmoja wenu alisikika akisema, giza halisubiri maiti. Hatumtaji. Mwenyewe anajua.

Mayala alisimama katikati ya akina mama waliokuwa wanaanika.

"Nani alitoka wa kwanza Jumamosi?"

Akina mama waliendelea kuanika. Mama mmoja alikohoa kicheko akakificha kwenye khanga.

"Nauliza kwa heshima. Nani alitangulia kumdharau baba yangu?"

"Kamuulize tajiri wa ule wa bluu," yule mama akasema.

Mtumbwi wa bluu ulikuwa unaingia. Ubavuni umeandikwa FAVOUR kwa rangi nyeupe. Favour ni binti yake Mayala, na tajiri wa mtumbwi huo, kama tunavyomwita mwenye chombo huku kwetu, ni Mayala. Aliununua kwa kazi ya mashine, akampa Ngosha auongoze, na mwenyewe alikuwa haonekani mwaloni ila kwa nadra.

Alimfuata Ngosha ndani ya maji, viatu na yote.

"Ngosha. Nani alikuruhusu kutoa mtumbwi Jumamosi?"

Ngosha alimtazama kama anayetazama mgonjwa.

"Wewe, tajiri."

"Mimi?"

"Nilikupigia saa kumi. Nikakwambia pole sana na msiba, tajiri, huku vijana wameshavuta mtumbwi mchangani, wanangoja mwalo usimame, tutoke au tusitoke? Ukasema, ziwa si la baba yangu, tokeni. Nikarudia, tajiri, una uhakika? Ukakata simu."

Mayala aliinua mkono. Ngosha hakukwepa.

"Nipige. Lakini nilipiga simu. Na tulipotoka sisi, wale wengine waliokuwa wamesimama walisema, kama mtoto wake katoa, sisi tunamlilia nani? Wakawasha mashine."

Mkono ulikaa hewani, kisha ukashuka. Walioona wanasema midomo yake ilikuwa inatembea, anayarudia yale maneno, ziwa si la baba yangu, kama mtu anayeonja kitu kilichooza ajue ni chake. Siku mbili nzima alikuwa anamtafuta wa kumpiga, kumbe anatembea naye.

Hakumwambia Ngosha pole wala samahani. Alipanda nyuma ya mtumbwi, akafungua mashine, akaibeba begani peke yake, akaupanda mlima huu nayo. Petroli ilimwagika ikalowesha shati la msiba. Alipita katikati ya waombolezaji, akaitua karibu na moto wa matanga, na wazee wa Rorya wakaruka kuivuta pembeni maana petroli na moto havina undugu. Akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, ni mimi niliyeanza."

"Najua," Mama Rebeka alisema. "Watu wote hapa wanajua. Tulikuwa tunangoja na wewe ujue."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa na hasira na kila mtu. Tungekuambia tungeingia na sisi kwenye hesabu. Kaoge, unanuka."

Hakwenda kuoga. Alirudi mwaloni. Yeye na Ngosha na vijana wao waliuvuta ule mtumbwi wa bluu hadi kwenye nyasi, wakaupindua kifudifudi, FAVOUR ikasomeka juu chini. Watu walikusanyika, maana Kasunda hatuna sinema. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

"Mtoto wa Obiero, na sisi utatuchomea?"

"Sina kiberiti," Mayala akasema. "Siombi mtu. Hili ni la kwangu, nimeanza nalo."

Halafu alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, shati la petroli mwilini, na ndipo alipolia. Alilia kwa sauti mbaya, sauti ya mtu anayegombana. Alikuwa anamtukana baba yake na kumwita humo humo, na hakuna aliyethubutu kumsogelea isipokuwa Ngosha, aliyekaa upande wa pili wa mtumbwi akampa mgongo, akawa anang'oa magamba ya dagaa kwenye kucha.

Jumatatu hiyo mitumbwi kadhaa ilivutwa. Mingine ilitoka. Jana ikavutwa zaidi. Asubuhi hii, Jumatano tarehe 22 Oktoba, sisi tumewahi kuamka tukahesabu kwa macho kutoka hapa hapa mlipokaa, na ninyi geukeni muangalie. Matumbo ya mitumbwi yamelala juu mchangani. Na pale kwenye gati la mawe kuna mitatu bado imefungwa majini, matangi yamejaa, inangoja tumalize kufukia. Wenye mitumbwi hiyo wamekula wali wa msiba huu. Tunawajua kwa majina na kwa majina ya mama zao. Hatutashuka kuwafungulia kamba. Marehemu hakuwahi kuingia stoo ya mtu mwingine kabla ya yake.

Mayala aliombwa asome wasifu huu mwenyewe, akasema hawezi, atapiga mtu. Ameomba badala yake ashike koleo, atupie udongo wa kwanza, kisha akae na mama yake. Ile karatasi ya Jumapili hakuitupa. Ameongeza maneno matatu pale mwisho, na ameruhusu tuyasome. Sasa inasema: Alizaliwa. Alivua. Alichoma nyavu, akianza na langu.

Marehemu ameacha mjane, Mama Rebeka Malimi; watoto watatu, Mayala, Akumu na Agutu; wakwe wawili; wajukuu watano, akiwemo Favour; dada yake, Odeta; rafiki yake Machibya, ambaye ameunda jeneza hili kwa mbao za mtumbwi na hajataka kuambiwa asante; na mwalo mmoja wa Kasunda, uliokosa kumsimamia siku mbili na leo umesimama pungufu ya mitumbwi mitatu.

Mzee Obiero, pumzika kwa amani. Wewe kengele umeshapiga. Waliochelewa wako njiani, na aliyetangulia kulala chini ni mwanao.